Chupa ya maji ya kunywa ina asidi, halafu analaumiwa dada wa usafi!

Wakuu, nimetoka zamu na koo bado linawasha. Mnisamehe maneno yakiwa makali, nimekasirika kwelikweli.

Leo asubuhi dada anayetufanyia usafi maabara amekuta chupa ya maji ya kunywa kando ya sinki, ina maji nusu, haina lebo. Akayamimina kwenye ndoo yake ya klorini ili aitupe chupa. Kumbe hayakuwa maji. Ni ile spiriti iliyochanganywa na asidi ya haidrokloriki asilimia 3, tunayoondolea rangi kwenye slaidi za makohozi tukipima TB. Asidi ikikutana na klorini ya kusafishia, inafumuka gesi ya klorini, na yeye alikuwa ameinamia ndoo. Nilimkuta ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka, anakohoa hadi anakosa pumzi. Glavu alizovaa zilikuwa zimetoboka kidole gumba.

Mkuu wa maabara kafika, swali la kwanza: "Nani alimwambia aguse?"

Jamani! Mtu ameajiriwa kusafisha, asiguse atasafishaje? Eti akapumzike nyumbani. Nikakataa, tukabishana pale pale mbele ya watu, kwa sababu gesi hii mtu anaweza kujiona amepata nafuu, saa kadhaa baadaye mapafu yakaanza kujaa maji. Mpaka naandika hapa yuko chini ya uangalizi wa daktari.

Na si mara ya kwanza. Mwezi uliopita sindano ilimchoma kupitia mfuko wa taka za kawaida, kwa sababu kisanduku cha sindano kilikuwa kimefurika mpaka mdomoni. Kinatakiwa kifungwe kikifika robo tatu, sote tunajua. Alianzishiwa dawa za kuzuia VVU kabla saa 72 hazijapita, hilo nashukuru. Ila nilipouliza kuhusu chanjo ya homa ya ini B, nikajibiwa chanjo ni za wataalamu. Sisi tumechomwa dozi zote 3, yeye hata moja. Sindano yenye damu ya mgonjwa wa VVU huambukiza watu wapatao 3 kati ya 1,000 wanaochomwa. Ya homa ya ini B, kwa asiye na kinga, inaweza kufika 30 kati ya 100. Sasa anayebeba taka zetu zote ndiye mnamnyima chanjo? Kwani sindano inauliza cheti?

Wenzangu wa benchi nasi tusijifiche. Chupa ile niliiona tangu juzi nikapita, nikidhani aliyeitengeneza ataiwekea lebo. Jina la kemikali, nguvu yake, tarehe, alama ya hatari: haimalizi hata dakika. Na kemikali kwenye chupa ya maji ya kunywa haitakiwi kabisa, iwe na lebo isiwe nayo. Jioni wakati natoka nimekuta nyingine juu ya friji ya sampuli. Nimeibandika karatasi ya onyo na kuifungia kabatini, kesho aliyeiweka atajitaja.

Kikao ni Jumatatu. Huko kwenu wafanyakazi wa usafi wanachanjwa? Nani analipia, na nani anawafundisha kipi hakichanganywi na kipi? Nipeni majibu niende nayo.