Yah: Mpango wa Urusi wa kuwarudisha watu wake: mkoa kwanza, fomu baadaye

Kutoka: Mwanachama, Karaganda

Ndugu wanajumuiya, wakubwa shikamooni. Mume wangu ni Mrusi aliyezaliwa hapa Kazakhstan, na wakwe zangu wanatushawishi tuhamie Urusi kwa mpango wa serikali wa kuwahamisha kwa hiari wenzao walio nje. Mimi ni Mtanzania na tuna watoto wawili, hivyo naomba kujua kama nami nahesabiwa. Aidha, tumeambiwa tutaje mkoa kabla ya jambo lolote, nami nilidhani anayerudi kwao hurudi popote apendapo.

Kutoka: Mwanachama, Voronezh

Marahaba, binti yangu. Nimeishi hapa Voronezh, Urusi, tangu nilipokuja kusoma, na shemeji yangu alihamia hapa kutoka Kazakhstan kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo mambo haya nimeyashuhudia mezani kwetu.

Nianze na hilo la mkoa, kwa sababu ndilo lililowakwamisha wengi. Mpango huu ulianzishwa kwa amri ya Rais Putin namba 637 ya tarehe 22 Juni 2006, wakati vifo nchini vilikuwa vimezidi vizazi kila mwaka tangu 1992, na idadi ya watu ilikuwa imeshuka kutoka takriban milioni 148 hadi karibu milioni 143. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, Warusi wapatao milioni 25 walijikuta katika nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja, na ndio serikali iliowategemea kuziba pengo, wakiwa watu wazima wenye ufundi na lugha tayari. Lakini serikali ilitaka wajaze mahali palipokuwa pakihamwa, hasa Mashariki ya Mbali ya Urusi, ilhali mtu anayefunga nyumba yake Karaganda hutafuta hospitali, shule na ajira, yaani vitu vilevile ambavyo watu wa Magadan, mkoa wa huko mashariki, huvifuata wanapohamia magharibi. Ndiyo maana kila mkoa una mpango wake na masharti yake, na jiji la Moscow halimo.

Fedha nazo zinaonyesha mvutano huo. Kwa viwango vilivyotumika miaka mingi, anayekubali kwenda katika maeneo ya kipaumbele, kama vile Primorye au Zabaykalye huko mashariki, hupewa rubo 240,000 na kila mwanafamilia 120,000, na anayekwenda mikoa mingine hupewa 20,000 na 10,000. Pamoja na tofauti hiyo kubwa, wengi waliishia mikoa isiyo ya kipaumbele, kama Voronezh, Lipetsk, Kaluga, Novosibirsk na Kaliningrad. Waliohama tangu 2007 wamepita milioni moja, wengi wao wakiwa wametoka Kazakhstan, Ukraine na Tajikistan, lakini vizazi vilizidi vifo kwa muda mfupi tu kati ya 2013 na 2015.

Kuna waliokwenda mbali kwa moyo mweupe. Waumini wa Kale, yaani Wakristo wa Kirusi wanaoshika ibada za zamani, ambao wazee wao walikimbilia China na baadaye Amerika Kusini, walirejea kutoka Bolivia na Uruguay na kujenga upya maisha katika kijiji cha Dersu, Primorye. Hao ni wakulima wenye familia kubwa, na walichokitaka ni ardhi. Mume wako, nadhani, si mkulima.

Sasa upande wako. Mke huandikwa katika cheti cha mshiriki pamoja na watoto, hata akiwa Mtanzania, na anaweza kuomba uraia kwa njia iliyorahisishwa. Hapo nakusihi usiharakishe: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Kazakhstan vivyo hivyo, kwa hiyo kila pasi mpya inafuta ya zamani. Mkihama mkoa mliopangiwa kabla ya muda uliowekwa, mtadaiwa gharama mlizolipiwa. Shemeji yangu alipangiwa kazi katika mji mdogo ambako kiwanda kilichotajwa kwenye karatasi kilikuwa kimekwisha kufungwa, na alilazimika kuvumilia kwa vibarua hadi muda ukaisha.

Jambo la mwisho, ambalo wakwe huwa hawalitaji, ni jeshi. Mwanamume anayepata uraia wa Urusi anapaswa kujiandikisha kijeshi, na kwa sheria ya 2024 asiyejiandikisha anaweza kunyang'anywa uraia huo. Katika hali ya sasa ya vita, hilo lizungumzwe na mume wako kabla ya habari ya rubo.

Kutoka: Mwanachama, Karaganda

Ahsante sana, mzee wangu. Hilo la jeshi tulilizungumza jana hadi usiku wa manane, na mume wangu amewaambia wazazi wake watangulie wao wawili ikiwa wameshaamua. Je, cheti changu cha kuzaliwa cha Tanga kinafaa kikitafsiriwa tu, kama vya wenzangu wa hapa?

Kutoka: Mwanachama, Voronezh

Hapana. Vya Kazakhstan vinapokelewa kwa tafsiri iliyothibitishwa na mthibitishaji, kwa sababu ya mkataba wa nchi hizo wenyewe kwa wenyewe. Chako kigongwe muhuri kwanza Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Urusi Dar es Salaam, ndipo kitafsiriwe. Umtume ndugu mwenye subira, na achukue nakala mbili.