Komine inataka niingie mu komite ya kushauri juu ya viwanja na bustani, nikubali ao nikatae?

Fundisha_Batoto (Lubumbashi)

Jambo bandugu wote, naomba mashauri juu hii mambo inanikosesha usingizi.

Niko hapa Lubumbashi, mu komine moja ya muji, sitaitaja. Tangu myaka mingi nafundishaka batoto mupira ku kiwanja ya kartie (mutaa) yetu, haina nyasi, mu mwezi ya vumbi tunamwanga mayi mbele ya kucheza na mvua ikianza inakuwa matope tupu, lakini njo ile tuko nayo, ingine karibu haiko. Sasa juzi mutu wa ku komine ananipigia telefone, anasema banataka kutengeneza komite ya kushauri juu ya viwanja, bustani na mafasi yote kwenye batu banaendaka kujifurahisha, na jina yangu iko mu listi pamoja na shefu wa kartie, pasta mumoja, mama mumoja wa ku soko na bengine sibajue.

Nilifurahi kwanza. Kisha nikaanza kuwaza. Upande wa juu wa kiwanja kuko mutu alishaleta mabloko na mchanga, anasema iko na papie, nani alimupatia hatujue. Sasa naogopa hivi: niingie mu komite, kesho kesho kutwa kiwanja banaikata maparsele, halafu batasema komite ilikubali na jina yangu iko pale pale, batoto benye nafundisha wataniangalia namna gani?

Dada yangu iko Marekani anasema kule kila muji iko na komite kama hii na inafanya kazi muzuri. Kweli? Inakuwaka na nguvu gani kama ni ya kushauri tu? Na mbele ya kukubali niombe nini?

Mwana_Kasapa

Kataa yaya. Komite ya kushauri ni kushauri, kama banataka kuuzisha batauzisha. Bora mufanye ASBL (shirika bila faida) yenu benyewe, sheria ya 20 julai 2001 inaruhusu, mutasema bila kuomba mutu ruhusa. Ndani ya komite bakikuita unaenda, hawakuite unabaki ku nyumba.

Binti_wa_Austin

Jambo yaya. Niko Austin mu jimbo la Texas, batoto yangu banacheza ku bustani za muji kila wiki, na nilishaendaka ku mikutano ya ile bodi juu walitaka kufunga piscine (fasi ya kuogelea) ya karibu na kwetu. Nikuelezee vile inatembea, kisha utapima mwenyewe.

Bodi ya bustani na michezo ya Austin iko na batu 11. Baraza ya muji iko na batu 10 na meya, kila mumoja anachagua raia mumoja wa kuingia mu bodi, njo ile 11. Habalipwe. Beko batu kama sisi, mwalimu, fundi, mama wa batoto. Haina nguvu ya kuamua hata kintu moja. Departema ya bustani inakuya mbele yao na bajeti, na plani ya bustani mpya, na bei ya kukodisha mafasi ya sikukuu, na jina ya kupatia kiwanja, bo banauliza maulizo, banapiga kura, na maoni yao inaenda ku baraza, baraza njo inaamua.

Utasema basi ni bure. Hapana. Ajenda inatoka mbele ya mukutano, kila mutu anaweza kuisoma, mulango iko wazi, na raia yeyote anajiandikisha anapata dakika chache za kuongea. Kiongozi wa departema inabidi ajibu mbele ya batu, na majibu inaandikwa. Baraza ikitaka kufanya kinyume na maoni ya bodi inaweza, lakini kila mutu ataona kama ilifanya kinyume. Ile njo nguvu yake, kufanya mambo ya kiwanja isipitie gizani.

Na kuko kintu ya pili, hii njo ya muhimu kabisa. Nyuma ya ile bodi kuko sheria. Texas iko na sheria inasema kama leta (serikali) ao muji inataka kukamata ardhi ya bustani kuifanyia kazi ingine, lazima itangaze, lazima iite batu isikilize, na lazima ionyeshe kama hakuna njia ingine ya maana na kama ilifanya yote ya kupunguza hasara. Na kuuzisha bustani ya muji kabisa, hapo lazima raia bapige kura. Bila ile sheria bodi ingekuwa mudomo tu. Kwa hiyo usiulize paka nguvu ya komite, uliza ni sheria gani inalinda kiwanja yenyewe.

Dada yako anaweza kuwa anasema ya muji ingine, juu haifanane yote. Minneapolis kwa mufano, tangu 1883 bodi yake ya bustani inachaguliwa na raia, batu 9, inaamua yenyewe na iko na kodi yake. Ile haiko ya kushauri tena, ni serikali ndogo ya bustani. Ya kwenu itafanana na ya Austin zaidi kuliko hiyo.

Mzee_wa_Sheria

Ndugu Fundisha, binti amesema vizuri sana, ardhi kwanza, komite nyuma. Na sisi pia tuko na sheria, watu ndio hawaitumie.

Sheria ya ardhi ya 20 julai 1973, kifungu 55: ardhi yenye kuwekwa kwa matumizi ya watu wote ao kwa kazi ya leta iko katika domaine public, na haiwezi kupewa mtu mpaka kwanza iondolewe kihalali katika ile kazi. Maana yake, kama kiwanja chenu kiko kwenye plani kama kiwanja, yule wa mabloko anapaswa kuonyesha karatasi ya kukiondoa, si ile yake ya parsele tu. Swali lako la kwanza ku komine liwe hili: kiwanja kiko namna gani kwenye plani ya kadastre (vipimo vya ardhi) na ya urbanisme (mpango wa muji)? Uombe kopi. Usikubali kuambiwa kwa mdomo "kiko salama".

Na musichelewe. Yule mtu akipata cheti cha kusajiliwa na miaka 2 ikapita bila kupingwa, kukivunja inakuwa vita ya nguvu sana, mara nyingi mutabaki kudai pesa tu na kiwanja kimekwenda. Mutafute avoka (wakili) sasa hivi, musingojee komite izaliwe.

Kuhusu nani anahusika. Sheria ya 7 oktoba 2008 inafanya komine kuwa entite yenye uhai wake wa kisheria, iko na baraza na kolleji ya burgumestre (mkubwa wa komine). Kartie haina uhai huo, kwa hiyo shefu wa kartie hawezi kutoa ardhi wala kutoa neno la mwisho, hata akiweka kashe (muhuri). Mwaka 2023 desemba tulichagua bakonseye wa komine. Kwa hiyo komite yenu isishauri burgumestre peke yake katika ofisi, maoni yake yaende pia ku baraza, pale ndipo bajeti inapita.

Mwana_Kasapa

Mzee nakuheshimu lakini papie nzuri tuko nazo tangu zamani na viwanja vinaendelea kuisha. Ukipita mu Lubumbashi hii utaona fasi ngapi tulichezaka tuko batoto sasa ni manyumba na madepo.

Mzee_wa_Sheria

Vinaisha kwa sababu siku karatasi inasainiwa hakuna raia ndani ya chumba. Ndio maana nataka ndugu huyu aingie. ASBL yenu mufanye, ni vema, ibaki nje ipige kelele, na yeye awe ndani anasoma karatasi. Moja haikatazi ingine.

Mama_Nzango

Bandugu mi niko na yangu na musinikasirikie. Munaongea kiwanja, kiwanja, kiwanja, na kila mutu iko nawaza mupira ya batoto banaume. Sisi bamama tunachezaka nzango (muchezo wa kuruka na kurusha miguu), tunaamka asubui mbele jua haijapanda juu kisha ile saa ni kazi ya nyumba na soko, na kila mara tunakuta kijana mumoja anasema toka hapa kiwanja iko na programu, programu ya nani, nani aliiandika, tulikuwa wapi siku ya kuiandika? Na mabinti ya kumi na ngapi banataka kucheza na sisi, mama zao banakataza juu pale hakuna choo, hakuna taa, na kurudi magaribi ni hatari.

Sasa angalia ile listi yako papa. Shefu wa kartie, pasta, mufundisha mupira, mama mumoja wa soko. Huyu mama mumoja atasema nini katikati ya banaume kumi? Atanyamaza. Muombe bamama batatu ao bane, na kijana mumoja mwenye kutembea na kigari, juu mulango ya ile kiwanja iko na mufereji yenye hata mi na miguu yangu mizima naruka. Halafu komite ya bustani haiko ya mupira tu. Miti iko wapi ya wazee kukaa chini yake? Mbao za kukaa ziko wapi? Batoto ya myaka mitatu banacheza wapi, mu barabara na mataksi? Kama komite haitashika ile mambo, basi muiite komite ya mupira.

Nimesema kwa nguvu juu inaniuma.

Fundisha_Batoto

Mama uko na haki kabisa, nitaomba ile ya bamama mbele ya yote. Na asubui mbele ya saa mbili tutaandika ni ya nzango.

Ulizo ingine. Kuko makanisa banakuyaka kuomba kiwanja kwa kampanyi ya wiki nzima, na batu ba matanga banaombaka kuweka hema, na bengine banatoa franka. Mpaka leo inapita mu mikono ya kila mutu. Komite njo itaikamata?

Kivu_Kwetu (Bukavu)

Hapana ndugu, usiguse hizo pesa hata kidogo. Kwetu hapa Bukavu nafasi tambarare ni kidogo sana, muji ni milima na nyumba zimebanana mpaka ku ziwa, kwa hiyo kakiwanja kokote kanapiganiwa. Kwenye kartie moja tulikuwa na komite kama yenu, ya mdomo tu, hakuna karatasi, na ndiyo ilikuwa inapokea pesa ya makanisa. Ikaanza vizuri. Kisha kila mtu anauliza mwenzake pesa iko wapi, watu wazima hawaongeleshani tena mpaka leo, na kiwanja kikabaki bila mtu wa kukisemea.

Komite ishauri bei, iseme kanisa litoe ngapi na matanga wasitoe kitu, iseme wiki gani ni ya batoto tu. Lakini pesa iingie ku keshi ya komine na resu (risiti) ya leta, na komite iwe na haki ya kuonyeshwa kila miezi tatu imeingia ngapi na imefanya nini. Mukitaka kusafisha ao kupanda miti, mufanye salongo (kazi ya pamoja bila malipo), musitafute pesa ya mukononi.

Na juu ya ile woga yako ya jina. Dawa ni prose verbale. Kila mukutano uandikwe, nani alikuwa, nani alisema ndiyo, nani alisema hapana, na ukikataa jambo uombe iandikwe kwa jina yako kama ulikataa na sababu yake. Usisaini listi ya kuhudhuria yenye haina tarehe na ajenda juu yake, hata kama wanakuharakisha. Listi kama hiyo kesho inaweza kubandikwa nyuma ya karatasi ingine kabisa. Piga foto ya kila ukurasa mbele hujatoka.

Binti_wa_Austin

Naongeza kidogo juu ya hiyo. Huku mutu wa bodi mwenye iko na faida yake mu jambo, labda nduguye njo anataka kujenga, lazima aseme mbele ya batu na atoke mu kura. Muweke hiyo tangu mwanzo. Na muda pia, myaka miwili ao mitatu kisha mutu anaachia mwengine, mutu asiikale mule mpaka komite inakuwa yake.

Fundisha_Batoto

Sasa naona njia. Nitabaandikia barua, sitajibu mu telefone. Nitasema nakubali kama kuko arete (karatasi ya amri) ya burgumestre yenye kutengeneza ile komite na kusema kazi yake, bamama bane, mikutano wazi na tarehe yake inabandikwa ku komine, prose verbale, pesa isipite kwetu, na hakuna ardhi yenye kubadilishwa kazi mbele komite na batu ba kartie hawajasikilizwa. Na kopi ya plani ya kiwanja. Bakikataa ile ya ardhi sitaingia.

Na ile ya mabloko? Nayo niiweke mu barua moja?

Mzee_wa_Sheria

Hapana, tenganisha. Ya komite ni barua yako wewe. Ya mabloko iwe petisio ya kartie yote, majina na saini za watu, wazazi wa batoto, bamama wa nzango, wote. Katiba yetu kifungu 27 inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakubwa wa leta petisio, peke yake ao pamoja na wenzake, na inawalazimisha kujibu ndani ya miezi 3. Muipeleke ku komine, na kopi ku meri (ofisi ya meya) na ku konservatere wa ardhi (mwenye kusajili ardhi). Avoka awasomee mbele ya kupeleka.

Mupeleke kopi mbili mbili, moja wanabaki nayo, moja inarudi na wewe ikiwa na kashe yao na tarehe ya kupokea. Wakisema kashe haipo leo, mungojee pale pale ao murudi kesho, musiache karatasi bila kashe, kwa sababu ile miezi 3 mutaihesabu kutoka ile tarehe.

Mama_Nzango

Lete ile petisio ku kiwanja jumamosi asubui, bamama wote tuko pale, tutasaini mbele ya kucheza.