Mdogo wangu ana arosto (mateso ya kuacha unga, yaani heroini), eti mwili una "unga" wake wa asili? Naombeni ushauri

kakamtu_tmk: Wakuu salama? Mdogo wangu ana miaka 27, unga anavuta mwaka wa nne huu, juzi usiku kaamua mwenyewe kuacha, kajifungia chumbani kwangu hapa Temeke. Jana ilikuwa miayo na mafua tu nikasema mbona mambo mepesi, leo ni balaa, ngozi imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa, anaharisha, miguu inapiga teke godoro usiku kucha, shuka nimebadilisha mara tatu zote zimelowa jasho. Sasa jamaa yangu wa gym kaniambia mwili unatengeneza vitu kama hivyohivyo vya unga, vinaitwa endofini, nimkimbize tu asubuhi arosto itakata. Nimemtoa saa kumi na mbili, nguzo ya tatu ya umeme hajafika kakaa chini anatapika. Nimkazanie au niache?

bibi_kiroboto: Umemkimbiza mtu mwenye arosto?? Una roho ngumu wewe. Mpe maji ya ORS kidogokidogo alale.

dukaladawa: Jamaa wa gym hajadanganya ila kasimulia nusu. Endofini na ndugu zake enkefalini zipo kweli, hizo enkefalini Hughes na Kosterlitz walizipata kwenye ubongo wa nguruwe kule Aberdeen, Uskoti, wakazitangaza 1975. Zinakaa kwenye vipokezi (viti vya kwenye seli za ubongo) vilevile ambavyo unga unavikalia. Ila mwili unadondosha tone tone na tone lenyewe linavunjwa fasta, unga unamwaga ndoo. Miaka minne ya ndoo vipokezi vimekuwa sugu, tone havilisikii tena. Halafu kuna sehemu ya ubongo inatoa noradrenalini, kemikali ya kuushtua mwili, unga ulikuwa umeikanyagia breki muda wote, sasa mguu umetoka ghafla, ndo hilo jasho, moyo kwenda mbio, kuharisha, kutolala. Hata akimbie mpaka Kibaha hizo endofini hazitafidia, zaidi atakaukiwa maji tu.

miminilikuwepo: Mi nilikuwa teja nasema nilichopitia. Siku ya pili na ya tatu ndo kilele, baada ya hapo maumivu yanashuka ila kukosa usingizi na hamu ya unga vinakutesa wiki na wiki. Nilivumilia nyumbani mara mbili, zote nikarudi. Na hapo ndo pa hatari mkuu, akikaa wiki hajagusa halafu arudie kipimo chake cha zamani mwili haukimudu tena, anaacha kupumua. Nimezika wawili hivyo.
Kilichonisaidia ni methadoni. Inavikalia vipokezi hivyohivyo ila taratibu, siku nzima, unakunywa mbele ya mhudumu na ni bure. Muhimbili walianza 2011, ila wewe si uko Temeke, hospitali hapo wanayo. Watamuandikisha na kumpima kwanza, usitegemee atakunywa siku hiyohiyo. Mbio nilianza mwezi wa tano wa methadoni, ndo jasho likaanza kunipa raha, mwanzoni hata wali wa nazi nilikuwa nakula kama nakula karatasi.

dukaladawa: ^^ Sikiliza huyo. Na tramadoli (vidonge vya maumivu) za mtaani usimpe, ni jamii ileile ya unga.

kakamtu_tmk: Nimemsomea yote kajifunika shuka mpaka kichwani, nikadhani kalala. Kumbe anasikiliza. Kakubali kesho saa moja, ila anauliza foleni ina pa kukaa maana miguu haimbebi.

miminilikuwepo: Mabenchi yapo. Mbebee sweta na chupa ya maji, mkae karibu na choo.