Nyumba ya babu Kigamboni, mawe ya matumbawe na boriti: tunataka kupokea wageni, tuanzie wapi?

BintiPwani
Wakubwa shikamooni, wengine habari za Jumapili.

Tuna nyumba ya babu Kigamboni upande wa baharini. Ni ghorofa moja, mawe ya matumbawe, kuta za sm 50 hivi. Chini vyumba vitano na ukumbi, juu vinne. Kuna baraza, kisima uani na ekari tatu za minazi zinazoshuka hadi ufukweni. Warithi tuko sita, mmoja yuko Uingereza siku nyingi. Msimamizi wa mirathi ni kaka mkubwa, ila hati bado ina jina la babu.

Kuta za chini zilipigwa plasta ya saruji. Sasa inabanduka mapande na kutoa unga mweupe, mpaka usawa wa kiuno. Boriti mbili za ukumbini zimepinda. Fundi anataka avunje ukuta kati ya vyumba viwili vya juu tupate chumba kikubwa chenye bafu, amwage zege la sm 10 kwenye sakafu yake, kisha apige plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Mkononi tuna milioni 40, na tunafikiria kuweka nyumba dhamana benki tuongezee. Tunataka nyumba ijitunze kwa fedha ya wageni. Ushauri tafadhali.

MwashiMkongwe
Dada, msimamishe huyo fundi kabla hajashika nyundo.

Ule ukuta anaotaka kuuvunja ndio umebeba boriti. Boriti ya mkoko hutumika kwa upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Ukiutoa, boriti za pande zote mbili hazina pa kulalia. Halafu piga hesabu ya zege lake: chumba cha mita 3 kwa 2.5, unene sm 10, ni robo tatu ya mita ya ujazo, karibu tani 1.8. Hapo hujaweka vigae wala mgeni. Na bafu juu ya boriti lazima litavuja siku moja. Maji yatakimbilia kichwa cha boriti kilichozama ukutani, kioze bila mtu kuona. Bafu zijengeni uani, jengo jipya la tofali lenye msingi wake, muunganishe na nyumba kwa ujia wa paa.

Unga mweupe ni chumvi. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa kwa hewa. Saruji imeziba njia, maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Mkipiga nyingine yenye dawa mtaona unga uleule, safari hii usawa wa kifua.

Anzeni nje. Pimeni ardhi ya nje na sakafu ya ndani. Nyumba nyingi za pwani udongo wa nje umepanda kwa miaka ya kufagia na kumwaga kifusi. Uchimbeni mpaka uwe sm 15 au 20 chini ya sakafu, ardhi iinamie mbali na ukuta, na mifereji ya paa imwage maji mbali. Msichimbe hadi kuufunua msingi. Kisha bandueni saruji kwa patasi na nyundo ndogo, kipande kwa kipande, bila mashine ya kutikisa. Uacheni ukuta ukauke, masika yakipita ndiyo vizuri. Kila unga ukitoka, ufagieni kwa brashi kavu. Msiuoshe kwa maji, mtairudisha chumvi ndani.

Boriti zilizopinda tieni mihimili ya muda leo, si kesho. Chomeni bisbisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hiyo imekwisha.

KaratasiKwanza
Mwashi kamaliza upande wake, mimi nigusie karatasi, maana hizi ndizo huua miradi ya ukoo.

Msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Mkopo unaotaka nyumba ya marehemu iwe dhamana, kwa saini ya mtu mmoja huku warithi watano wametazama pembeni, ni kesi iliyopikwa tayari. Amalize kazi yake kwanza: orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo mahakamani (kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. 5 na Na. 6), kisha hati itoke jina la babu.

Baada ya hapo nashauri nyumba ibaki ya warithi, na ninyi mfungue kampuni BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) ambayo itaipanga kutoka kwa warithi kwa mkataba wa maandishi, tuseme miaka 10. Andikeni nani analipia paa, nani analala bure na kwa siku ngapi kwa mwaka, na mmoja akitaka kutoka hisa zake zinathaminiwaje. Biashara ikianguka, nyumba haifuati.

Huyo wa Uingereza: kama ameshachukua uraia wa huko, sheria ya ardhi inamhesabu si raia, na kampuni ambayo hisa nyingi ni za wasio raia nayo huhesabiwa hivyo hivyo. Wakili aliangalie hilo kabla hamjagawana hisa.

Ulizeni pia mipango miji kuhusu matumizi ya ardhi, maana makazi na nyumba ya wageni ni vitu viwili. Kuna leseni ya biashara, leseni ya utalii ya Wizara ya Maliasili, na ukaguzi wa Zimamoto. Na msijenge banda la kudumu ufukweni: Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye maji.

FunguoMlangoni
Hesabu kidogo, ili milioni 40 zisiishie kwenye vitanda.

Vyumba vinne, bei ya 90,000 kwa usiku, vikijaa asilimia 40 ya mwaka: usiku 584, shilingi 52,560,000. Huo ni mfano tu, pangeni bei yenu. Mitandao ya kuuza vyumba hukata karibu asilimia 15. Toa mishahara, umeme, sabuni, shuka, ulinzi. Kinachobaki hakilipi mkopo mkubwa, ila kinaweza kutengeneza ukuta mmoja kila mwaka. Kwa hiyo fungueni vyumba viwili vya chini tu kwanza, juu kufungwe.

Wateja wenu wa karibu ni watu wa Dar wenyewe: Ijumaa hadi Jumapili Kigamboni hujaa, Jumanne ni ninyi na kunguru. Siku hizo uzeni chakula cha mchana barazani kwa oda, picha za harusi, mikutano ya watu kumi na tano. Samaki wa kupaka na wali wa nazi za shamba lenu wenyewe, msihangaike na menyu ya kurasa nane. Machi hadi Mei msitegemee wageni, tumieni kukagua paa.

Maji: mgeni mmoja wekeni lita 150 kwa siku. Wageni wanane ni 1,200, kufua na jiko inafika 2,000, tangi la lita 5,000 linatosha siku mbili na ushei. Kisima cha pwani kikivutwa kwa pampu kubwa huleta maji ya chumvi. Tumieni pampu ndogo, ivute polepole usiku. Shimo la choo likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

BintiPwani
Ahsanteni sana, zege nimeshalisitisha. Mwashi, tukishabandua saruji tunapiga nini? Dukani kuna chokaa ya mfuko, wanasema ni ya rangi tu.

MwashiMkongwe
Inafaa ikiwa mbichi. Dondoshea siki au limao: ikitoa povu jingi imeshakufa, imekaa na hewa mno. Iliyo hai iloweke kwenye pipa angalau siku moja, wiki ni bora, mpaka iwe kama maziwa mgando. Mkipata mawe ya chokaa yaliyochomwa, tieni chokaa kwenye maji, kamwe msimwage maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka machoni, miwani na glavu ni lazima.

Chokaa ndoo moja, mchanga wa mto ndoo tatu. Wa baharini una chumvi, usiuguse. Lowesha ukuta, piga koti lisilozidi sm 1, likwaruze, tundika magunia mabichi na uyanyunyizie siku tano hadi saba. Koti la pili baada ya wiki. Likikauka kwa siku moja juani litapasuka kama tope la bwawa, na fundi atasema chokaa ni mbovu.

Saruji_Kidogo
Mkuu, si waongeze kikombe cha saruji ishike haraka? Mafundi wengi hufanya.

MwashiMkongwe
Wanafanya kwa sababu wanalipwa kwa siku chache. Saruji kidogo inaganda kabla chokaa haijashika, plasta inabaki dhaifu. Lipeni kwa mita za mraba, si kwa siku, na mwanzoni mpeni fundi kipande cha mita moja kwa moja nyuma ya jiko. Kikikaa wiki tatu bila ufa, ndiyo aguse baraza.