Mbwa wa kuchunga mbuzi atafaa huku Pemba?

Mfugaji wa Micheweni
Assalamu alaykum. Mbuzi wangu nawafunga kamba huku maweni, na mbwa koko wananimalizia. Juzi wameua jike mwenye mimba, kamba shingoni, hana pa kukimbilia. Nimeona video ya mbwa wa milimani Uingereza anaswaga kundi zima kwa mluzi tu. Nikipata kama yule ataniokolea mifugo? Na dini inasemaje?

Mtu wa Chake
Waalaykumu salaam. Pole sana ndugu yangu, hasara hiyo ni mbili kwa moja. Nimefanya kazi kwenye shamba la kondoo Wales, mbwa hao nawajua. Yule ni Border Collie. Anatoka mbali, anazunguka nyuma ya kundi, kisha analala kifudifudi, macho kayakaza. Habweki, haumi, kondoo wenyewe wanaondoka. Wenzetu wanamthamini hasa, kwao mashindano yake yalianza mji wa Bala, huko huko Wales, mwaka 1873. Lakini jioni anarudi na mchungaji wake. Na mbuzi wako wamefungwa, atawaswaga wapi?

Unayemtaka wewe ni mlinzi, kama Kangal wa Uturuki. Huyo haswagi: anashinda na kulala na mifugo, adui akitokea anabweka na kusimama kati. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund linawapa wafugaji mbwa wa namna hiyo tangu 1994, wazuie duma. Kazi yote iko kwenye malezi. Anatiwa zizini mdogo, wiki kama nane, akue akijua mbuzi ndio jamaa zake. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, wanalea hivyo hivyo mbwa chotara wa kawaida. Usihangaike kuagiza ng'ambo.

Msasi wa Makunduchi
Mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda wameruhusiwa, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Sisi Mashafii, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi awe na chombo chake. Ila usichukue mbwa wetu wa kusakia nguruwe, huyo kafundishwa kukamata. Na chanjo ya kichaa usiiache.

Mfugaji wa Micheweni
Ahsanteni sana. Jirani mbwa wake kazaa. Majike yangu yana pembe, hayatamuumiza?

Mtu wa Chake
Mzibie kona kwa fito, yeye apenye, wao wasipenye. Aanze na wana-mbuzi walioachishwa ziwa. Akianza kuwakimbiza kwa mchezo, mkemee papo hapo, maana akizoea hilo hafai tena. Na chakula ale humo humo zizini, asifuate jikoni.