Mwanafunzi amepinga mwongozo wangu wa usahihishaji kuhusu urefu wa bondi: naombeni ushauri

Chaki Nyeupe (mleta mada): Wanajamvi, heshima kwenu. Ninafundisha kemia kidato cha sita. Katika mtihani wa ndani niliuliza iwapo bondi za kaboni kwa kaboni katika molekuli yenye resonansi (yaani isiyoelezeka kwa mchoro mmoja wa bondi, bali kwa kadhaa pamoja) zina urefu sawa. Mwongozo wangu unasema ni sawa, kwa kuwa zote huangukia kati ya bondi moja ya pikomita 154 na bondi maradufu ya pikomita 134. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba hazilingani, nikampa sifuri, naye amekata rufaa kwa mwalimu wa taaluma. Usingizi umeniruka. Mniambie, nimekosea wapi?

Bomba la Maabara: Kwa benzini, ile pete ya kaboni sita, hujakosea. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alichunguza fuwele za heksamethilibenzini, ambayo ina pete ya benzini ndani yake, kwa eksirei, akaonyesha kwamba pete ile ni bapa. Leo tunajua kila upande wa benzini una takriban pikomita 139. Elektroni hazirukiruki kutoka mchoro mmoja hadi mwingine: molekuli ni moja, michoro ndiyo miwili. Ila mbona hutaji jina la molekuli?

Bibi Mizani: Tatizo si bondi, ni walimu wasiopenda kuulizwa. Wetu alichora pete mbili na mshale wenye ncha mbili katikati, tukamaliza shule tukiamini kwamba benzini hugeuka huku na huku mchana kutwa, na aliyethubutu kuuliza alitolewa nje. Mwite mtoto umsikilize.

Chaki Nyeupe: Molekuli ilikuwa naftalini, yaani pete mbili kama za benzini zilizoshikana ubavuni. Hata hivyo kanuni ni ileile, kwani resonansi husawazisha bondi, na tayari nimemwandikia mwalimu wa taaluma kwamba sifuri inabaki.

Kabati la Nguo: Kumbe ugomvi wote ni wa vidonge vya kufukuzia nondo!

Bomba la Maabara: Mwalimu, resonansi hutoa wastani wa michoro, na wastani huo hulingana pale tu michoro inapozipa bondi zote mgawo mmoja. Ndivyo ilivyo kwa ozoni, ambayo bondi zake zote mbili zina takriban pikomita 128. Naftalini ina michoro mitatu. Kati ya kaboni ya kwanza na ya pili, bondi maradufu hutokea katika michoro miwili. Kati ya ya pili na ya tatu, hutokea katika mmoja tu. Ndiyo maana ile ya awali ni fupi, kama pikomita 137, na hii hukaribia 142.

Shahidi wa Pili: Ninashuku hadithi hii imetungwa. Mwalimu anayekumbuka 154 na 134 bila kusita anasahauje kutaja naftalini? Nadhani mleta mada ndiye mwanafunzi mwenyewe, anakusanya ushahidi wa rufaa. Kama una karatasi hiyo mkononi, tuambie alitoa sababu gani.

Chaki Nyeupe: Mimi ni mwalimu, na karatasi iko mbele yangu. Hakueleza lolote, pembezoni ameandika kwa penseli 2/3 na 1/3, ndiyo maana niliona amebahatisha.

Bomba la Maabara: Michoro miwili kati ya mitatu, na mmoja kati ya mitatu. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, mwalimu. Mwandikie tena mwalimu wa taaluma leo.