Mfadhili anataka uadmini wa magrupu yetu. Tusaini au tuache?

Mpakani_Busia

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Busia, upande wa Uganda. Mimi na wenzangu tunaendesha mtandao wa vijana wa Kiswahili: magrupu ya WhatsApp na chaneli moja ya Telegram. Ulianza kwa kusaidiana tu, waliomaliza S.4 na S.6 (kidato cha nne na cha sita) wasiojua waelekee wapi, kazi gani ni ya kweli na ipi ni ya matapeli, fomu za chuo zinajazwaje. Wengi ni watu wa mipakani: Busia na Malaba, Arua na Koboko, Bwera, pamoja na ndugu zetu Wakongo wa kambi za wakimbizi za Kyaka II na Nakivale. Ofisi hatuna, mhuri hatuna. Mwisho wa mwezi maadmini tunachanga, hela inaingia kwenye simu ya dada mmoja wa Arua, naye anatugawia bando.

Sasa limetufuata shirika moja, jina naliweka kapuni. Wanatoa milioni 20 za shilingi kwa mwaka: bando, simu mbili, na semina Kampala. Masharti yao: mtu wao awe admini kila grupu, nembo yao ikae kwenye picha ya grupu, na kila miezi mitatu tuwape orodha ya wanachama, jina, namba, umri na wilaya. Halafu ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, tujiepushe na mada "zinazoweza kuathiri uhusiano wa mfadhili na serikali". Huku kwetu mada moto kuliko zote ni vijana wanaovusha bidhaa kwa baiskeli na wanavyosumbuliwa njiani. Hiyo tutaiweka kundi gani?

Tumegawanyika. Wenzetu wa Kampala wanasema saini haraka kabla hawajabadili mawazo. Dada wa Arua kasema tukisaini yeye anatoka.

Bwera_Kwetu

Milioni 20 mnazifanyia mjadala? Zileteni huku tuwasaidie kuzila.

Mzee_wa_Vocha

Mwanangu wa Busia, mimi nimewapigia mahesabu mashirika ya Kampala miaka mingi, nikueleze nilichokiona.

Hela yenyewe haina ubaya. Tazama nini kinabaki siku inapokatika. Mfuko wa DGF, ule wa nchi za Ulaya wa kufadhili demokrasia na haki, ulisimamishwa kwa agizo la Rais mapema 2021. Uliruhusiwa tena 2022, na mwisho wa mwaka huohuo ukafunga kabisa. Hakuna kikundi kilichoulizwa maoni, si na Ikulu Entebbe wala na Ulaya. Mapema 2025 Wamarekani nao wakasimamisha misaada yao, ikawa yaleyale. Kikundi kimoja nilichokuwa nawaandalia vitabu kilikuwa na vijana wanaojitolea vizuri tu. Ruzuku ilipoingia wakakodi vyumba viwili, wakaanza kulipana posho kila kikao. Ruzuku ilipokufa mwenye nyumba akatia kufuli lake jipya juu ya lao, printa ikiwa ndani. Lakini kilichowamaliza ni posho. Mtu aliyezoea kulipwa elfu 50 kukaa kikaoni hawezi kurudi kukaa bure, hata kama zamani alikuja kwa miguu yake.

Kwa hiyo bando na simu pokeeni. Posho, hapana. Kodi ya nyumba, hapana.

Uadmini ndio funguo. Admini anatoa watu, anafunga grupu lisiandikwe, na akiamua anawavua nyinyi wenyewe. Akitaka kuona kazi yenu mpeni ripoti, au aingie kama mwanachama wa kawaida, ajulikane ni nani.

Orodha nayo ina sheria, tena sheria yetu wenyewe: ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Mtu alikupa namba apate habari za kazi, huwezi kuipeleka kwingine bila ridhaa yake. Wa S.4 wengi hawajatimiza 18, hapo ni ridhaa ya mzazi au mlezi. Wajibuni kwa kifungu cha sheria, wala msibishane kwa hasira. Mashirika yanaogopa sheria kuliko machozi. Idadi wapeni: wangapi wapya, wangapi wasichana, wilaya zipi.

Na mtasaini kama nani? Kwa sheria ya NGO ya 2016, kikundi cha CBO, yaani kikundi cha kijamii, ni cha ngazi ya gombolola, iliyo chini ya wilaya, kushuka chini. Nyinyi mko Arua mpaka Kasese. Sheria hiyo iliandikwa ikimfikiria mtu anayekaa chini ya mwembe, haikumfikiria mtu wa Telegram. Tafuteni shirika lenye cheti liwapokelee hela, mkubaliane kwa maandishi linakata asilimia ngapi.

Nakivale_Basecamp

Mzee amesema vema ila orodha kaitaja kwa upole. Sisi huku wengine tulikimbia kwa sababu jina letu lilikuwa kwenye karatasi ya mtu. Katika grupu letu kuna wanaotumia jina la utani, na namba ya simu ni ya jirani. Siku orodha inatoka, nusu yetu tunaondoka kimyakimya, na shirika litaandika kwenye ripoti kwamba wakimbizi hawashiriki.

Dada_wa_Arua

Mimi ndiye dada anayetajwa. Kaka yangu wa Busia hajawaambia yote, kwa hiyo nayasema.

Michango naiandika kwenye daftari la kurasa 96. Mwezi uliopita unasoma hivi: Busia 5,000. Koboko 2,000. Nakivale amenitumia airtime ya 1,000, nimeihesabu. Malaba, deni. Kampala wa kwanza 40,000, Kampala wa pili 30,000. Jumlisheni wenyewe. Hao wawili wana mshahara na ndio wanaotaka tusaini, na mimi siwalaumu, wamechoka kutubeba. Ila tusijidanganye kwamba leo tuko huru. Nakivale alipotaka grupu la Kinyabwisha, lugha ya baadhi ya Wakongo, nani alikataa? Nani alinyamaza?

Na gharama hazijawahi kushuka. Mwaka 2018 ilikuwa OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kila siku ili tu ufungue WhatsApp, 6,000 kwa mwezi kabla hujanunua hata bando. Julai 2021 wakaiondoa, tukashangilia, kumbe asilimia 12 imeingia ndani ya bando lenyewe. Nikitoa hela kwa wakala kuna asilimia 0.5 ya serikali juu ya makato ya kampuni. Ukurasa wetu wa Facebook ulizikwa Januari 2021 Facebook ilipofungwa, wiki ileile ya uchaguzi intaneti nzima ikazimwa siku kadhaa. Yote hayo yametukuta bila mfadhili yeyote.

Ninachotaka: hakuna mtu, awe shirika au awe Kampala, anayechangia zaidi ya robo ya matumizi ya mwezi. Kinachozidi kinawekwa akiba. Uadmini uzunguke kila miezi sita, na mwenye airtime ya 1,000 apige kura sawa na mwenye 40,000. Shirika likikubali hivyo, mimi natulia.

Mzee_wa_Vocha

Robo? Binti, kwa robo hiyo milioni 20 zote hamzihitaji. Ombeni milioni mbili.

Mpakani_Busia

Nimesoma, na dada nimekusikia. Daftari lipige picha uliweke kwenye grupu la maadmini, majina yakionekana.

Nimewapigia jamaa. Orodha wamelegeza, wamekubali idadi. Uadmini wanasema watamuuliza bosi wao. Ule mstari wa herufi ndogo wamekataa kuugusa, eti uko kwenye kila mkataba wao. Nimewaambia basi wanunue simu mbili, watupe risiti, tusisaini chochote. Wamecheka, lakini hawajakata simu.

Kuna yeyote Tororo au Mbale anayejua shirika lenye cheti linaloweza kutupokelea bila kukata zaidi ya asilimia 10? Andika hapa hapa, inboksi sitaki.